Kambale wa Kwenye Simu

Kisangani, Tshopo, tarehe 1 Julai 2025

Mwanangu Wivine,

Papa Osée ananihimiza, boti yake iko karibu kuondoka, na mimi naandika juu ya gunia la maharagi ndani ya depo yangu hapa sokoni. Mwandiko utauvumilia. Kama kuna mama anayejifungua mbele yako, mzalishe kwanza, kisha tafuta kiti ukae.

Kambale yuko hai.

Nimeandika bila kuzunguka kwa sababu hata mimi niliambiwa bila kuzunguka. Ilikuwa Jumamosi, soko limejaa, nampimia mteja maharagi, simu ikalia namba nisiyoijua. Neno la kwanza nililosikia lilikuwa "Mama." Halafu: "Mama, niko Kambale, mutoto yako." Sauti ilikuwa mbali, na nyuma yake kelele ya mashine. Kopo la kupimia likanidondoka. Nililia, nikasema mengi, hata sikumbuki yote niliyosema. Mama Nicole wa depo ya jirani alikuja mbio na maji akidhani nimeshikwa na presha.

Kaka yako yuko msituni, mbali huko Bas-Uele, anakata mbao kwa patron mmoja ambaye hamruhusu kuondoka. Unakumbuka tulivyoambiwa wakati ule: lori la maharagi yangu limekutwa limeungua upande wa Mambasa, dereva amepatikana amekufa, msaidizi wake, kaka yako, hakupatikana. Miaka saba nimekuwa nikiwaambia kwamba asiyepatikana si maiti. Mwaka huu ulitaka tumwombee misa ya marehemu, tufunge kilio. Nilikukatalia, ukaninunia. Sasa nadhani utaniomba msamaha, na mimi nitakusamehe bila kukusumbua sana.

Nimemtumia pesa kidogo kwa simu, za dawa. Ameomba nisimwambie mtu, eti patron ana masikio mjini. Wewe si mtu, wewe ni dada yake. Chumba chake cha nyuma nimeanza kukipaka chokaa. Nikifika kwenye zile alama za penseli alizokuwa akijipima urefu ukutani, hapo naruka. Chokaa imenijaa kichwani na wateja wananicheka. Waache wacheke.

Mama yako,
Félicité

*

Yanonge, tarehe 4 Julai 2025

Mama mpendwa,

Uliniambia nikae, nami nikasoma nimesimama, kisha nikakaa mwenyewe. Nimeisoma barua yako mara nyingi hadi mlinzi wa kituo cha afya akaniuliza kama nyumbani kuna kilio. Nikamwambia sijui bado. Ndivyo ilivyo, Mama, sijui bado.

Ningekuwa na namna ya kukupigia ningekupigia leo hii. Lakini mnara wa simu wa hapa haujafanya kazi tangu ile mvua ya radi ya mwezi wa tano, na tunaambiwa kila wiki kwamba mafundi wako njiani. Kuja pia siwezi. Lionel, mwenzangu, yuko huko Kisangani kwenye mafunzo hadi mwezi ujao. Nikiondoka, watoto wa Yanonge watazaliwa mikononi mwa mlinzi.

Usinielewe vibaya, nataka awe yeye. Lakini hapa kituoni hata mgonjwa ninayemjua kwa sura namuuliza jina kabla ya kumpa dawa, na hakuna anayenikasirikia. Basi na wewe muulize. Kovu lake liko wapi, na lilitoka wapi? Chakula gani alikuwa akila hadi unamficha sufuria? Kama ni Kambale wetu, atacheka kuulizwa. Na kabla hajajibu usitume kitu tena. Nakuomba kwa magoti.

Pumzika pia. Presha yako si ya mchezo, mama Nicole hakukosea kuleta maji.

Wivine Kaswera

*

Kisangani, tarehe 8 Julai 2025

Wivine wangu,

Amejibu. Yote mawili. Kovu la mguu wa kushoto, jembe la Lubero. Na lituma kwa samaki wa moshi, ndizi zimepondwa vizuri bila uvimbe, hivyohivyo alivyokuwa akizitaka. Hata alicheka kama ulivyosema. "Mama, unanipimisha sawa na maharagi?" Nami nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Ananiita mama kila baada ya maneno mawili, Wivine. Sijui kama nilikuandikia hilo. Mama umekula, mama uko namna gani, mama usilie. Akikata simu, depo inakuwa kimya sana.

Sasa nikueleze jambo kubwa. Patron amekubali kumwachia, ila anadai alipwe gharama za miaka yote ya chakula na matibabu. Ni nyingi, maharagi hayawezi kuzifikia. Nimefikiri, nimesali, nimeamua. Nitauza kiwanja na nyumba. Papa Gédéon wa nyumba ya pili amekitaka tangu zamani, na atatoa pesa kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Nitapanga chumba karibu na soko, mimi na Kambale tutaanza upya. Papa yako aliijenga ile nyumba kwa ajili ya watoto, si kwa ajili ya matofali. Angekubali.

Furahi na mimi kidogo. Barua yako ilikuwa na baridi.

Mama Félicité

*

Yanonge, tarehe 11 Julai 2025

Mama,

Usiuze nyumba. Nimeandika hilo juu kabisa ili ulione hata kama utaitupa barua hii.

Jaribu kukumbuka ile simu ya kwanza. Ulisema mwenyewe kwamba ulilia na kusema mengi. Si ulimuuliza kama mguu wenye kovu la jembe ulipona? Si ulimwambia utampikia lituma yake? Nakujua, Mama, ukilia unasema kila kitu. Kama ulisema, basi maswali yangu hayakupima kitu, maana majibu alikuwa nayo tangu siku ile, na wewe ndiye uliyempa.

Na jina? Sisi Wanande, mtoto wa kiume wa pili katika kila nyumba ni Kambale, atake asitake. Pita kwenye safu yenu ya depo uhesabu akina Kambale, vidole havitatosha. Mtu anayetaka kumwibia mama wa Kinande hana haja ya kujua lolote. Anapiga namba, anasema niko Kambale, na mama mwenyewe anajaza yaliyobaki. Mama asiye na mwana wa pili anakata simu, na mwizi anapiga namba nyingine.

Kuhusu kukuita mama, nisamehe nikisema wazi. Hilo ni neno rahisi. Hata mteja anayetaka umpunguzie bei anakuita mama.

Naandika kwa haraka kwa sababu naogopa. Usitie sahihi kitu kabla sijafika.

Wivine

*

Kisangani, tarehe 15 Julai 2025

Wivine,

Barua yako nimeipata. Uliponinunia kwa ajili ya misa nilisema moyoni, ni huzuni yake. Leo nasema ni kitu kingine. Ulishamzika kaka yako, na sasa anapofufuka anakuharibia hesabu. Unahofia fungu lako la kiwanja. Ungesema hivyo tangu mwanzo, ningekuelewa.

Umeandika kwamba mama ni neno rahisi. Hujui unachosema.

Usinitumie tena maneno ya namna hiyo kwa mkono wa papa Osée. Yeye ni mtu mzima, asigeuzwe mbeba matusi. Dawa za presha nakunywa.

Félicité

*

Yanonge, tarehe 16 Julai 2025

Kwa Mama Nicole,
Depo iliyo jirani na ya mama yangu, soko la Tshopo

Mama mdogo, shikamoo kutoka huku kwenye mto. Samahani kukuandikia bila kukupitishia habari kwanza. Mama yangu ameacha kuniandikia vizuri, na wewe ndiye uliye karibu naye kuliko mtu yeyote.

Kuna mtu anampigia simu na kusema ni Kambale. Ameomba iwe siri, nami naivunja siri hiyo, lawama nitabeba mimi. Mama anataka kuuza nyumba kwa ajili yake. Uliona siku ile ya kwanza alipoangusha kopo. Tafadhali, kama ulisikia chochote, niambie ulichosikia kama kilivyo. Na kama unaweza kumchelewesha, mcheleweshe. Sikuombi ugombane naye.

Anafikiri nakitaka kiwanja. Mimi namtaka yeye akae ndani ya nyumba yake.

Mwanao Wivine

*

Kisangani, tarehe 21 Julai 2025

Wivine,

Mimi si mtu wa kuandika, mimi ni mtu wa kusema, kwa hiyo soma kama unanisikia.

Mwezi wa tano tuko mezani, simu yangu inalia. "Mama, niko Kambale, nimepata aksida ya gari." Na Kambale wangu huyu hapa mbele yangu, anavunja mfupa wa kuku. Nikampa simu nikamwambia, "Ongea na wewe mwenyewe." Yule mtu akakata. Tulicheka siku nzima, tukafanya kichekesho cha mezani, na hatukumwambia mtu mwingine. Leo sicheki. Nilipopata barua yako nilikwenda kwa Georgette wa vitunguu, nikamuuliza taratibu. Akaangalia chini. Naye alipigiwa. Kambale wake yuko Goma, akaogopa, akatuma kwanza, akampigia mwanawe baadaye. Mwanawe alikuwa anacheza mpira. Georgette alinyamaza kwa haya. Ona sasa, mmoja anacheka, mwingine anaona haya, na mama yako anabaki peke yake na simu.

Umeniuliza nilichosikia. Kati ya depo yangu na yake kuna mbao tu, na mbao hazizuii sauti ya mama yako. Alisema, "Kambale, ule mguu wa jembe la Lubero ulipona?" Alisema, "Nani anakupondea lituma huko?" Alisema hata jina la dereva. Yule mtu alikuwa anajibu "ndiyo mama" kama mtu anayeitikia litania.

Nilimwendea, nikamweleza habari ya mfupa wa kuku. Unajua alinijibu nini? "Nicole, we Kambale yako unamuona kila siku. Yangu muniachie." Nikarudi kwenye duka langu.

Lakini sikukaa bure. Nilimpitia papa Gédéon. Alikuwa ameshapima kiwanja kwa kamba, maskini, anajua tu kwamba jirani anauza. Nikamwambia, papa, nyumba ya mjane ukinunua mtoto wake hayupo, utakuja kununua pia kesi. Si mtu mbaya. Alikuna kichwa, akasema atamwambia mama yako pesa zake zimechelewa, hadi baada ya sikukuu. Donc, basi, una siku chache. Zitumie kwa adabu, maana nimeona ile barua uliyomwandikia, ameilowesha yote kwa machozi, na neno lililomuumiza si la nyumba. Sijui ni lipi. Hakuniambia.

Mama Nicole

*

Yanonge, tarehe 25 Julai 2025

Mama yangu,

Safari hii sitabishana. Nyumba ni yako, uliijenga na papa, uuze ukitaka. Nitakuja kukusaidia kubeba vyombo, na pale utakapopanga nitalala chini kwenye mkeka. Niliandika kwa hofu, na hofu haina adabu. Kuna kitu nilikigusa bila kujua ninagusa nini. Pole, Mama.

Nataka nikuambie ninavyomkumbuka Kambale, kwa sababu naona ulifikiri simkumbuki. Mvua ilipojaza maji mbele ya lango la shule, alikuwa ananibeba mgongoni kunivusha. Katikati ya maji anasimama na kutangaza kwa sauti kwamba hili ni gunia la maharagi, limelowa, nani analitaka kwa bei ya hasara. Nilikuwa nampiga kichwani. Siku hizi mvua ikinyesha hapa natoka nje ya wodi kidogo. Nilitaka misa kwa sababu nimechoka kumsubiri kila siku upya, si kwa sababu nimemaliza kumpenda.

Naomba kitu kimoja tu, kisha nitanyamaza. Akipiga tena, muulize jambo ulilolichagua wewe. Liwe jambo ambalo hukumwambia yeye, wala mimi, wala mama Nicole, wala padri. Usiniandikie ni jambo gani. Ukishauliza, funga mdomo, Mama. Usimsaidie hata kwa neno moja. Hata akinyamaza, hata akilia, muache aseme yeye. Halafu amua unavyoona, nami nitakuwa upande wako kwa vyovyote.

Mwanao,
Wivine

*

Kisangani, Tshopo, tarehe 4 Agosti 2025

Wivine mwanangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza karatasi inalowa, na karatasi siku hizi haziuzwi bure. Leo niko sawa. Depo nimefunga mapema, nimeketi nyuma ya nyumba, nyumba hiihii, usiogope.

Uliniambia nichague jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilicheka kidogo. Jambo la namna hiyo ninalo moja tu, na limekaa kwangu miaka mingi kuliko umri wako.

Unajua kwamba mtoto wangu wa kwanza, Paluku, alikufa angali mchanga. Alipozaliwa Kambale, mama yangu alikuja kutoka Lubero akamchukua, akasema nyumba hii ya mjini inamaliza wana wa kiume. Nilikuwa msichana, nilikuwa naogopa, nikampa. Alikulia kule. Kambale alimwita mama yule koko, bibi yake. Mimi nilikuwa mgeni wa Noeli, naletwa na lori pamoja na sukari. Wadogo zangu waliniita yaya, yaani dada mkubwa, basi naye akaniita yaya.

Alipokuja kukaa na sisi hapa Kisangani alikuwa kijana tayari. Siku ya kwanza mezani aliniita yaya, na papa yako akamgombeza mbele ya wageni: huyu si yaya yako, huyu ni mama yako. Tangu siku ile hakuniita yaya tena. Na mama pia hakuniita. Hakuniita kitu. Akitaka chumvi alikuja kusimama mbele yangu, "Iko chumvi?" Kama niko mbali, alingoja nigeuke ndipo aseme. Wewe ulikuwa mdogo, na hata ungekuwa mkubwa, nani husikia neno ambalo halisemwi?

Hakuwa na ubaya. Alinipenda, alinibebea magunia yangu, aligombana na watu waliotaka kunipunja. Neno tu ndilo halikutoka. Soko zima linaniita mama Félicité, hata polisi, hata walevi, na mwanangu hapana. Asubuhi alipopanda lile lori aliniangalia kwa muda mrefu kutoka juu ya mzigo. Nilifikiri sasa atalisema. Akasema, "Tutaonana."

Sasa umeelewa kwa nini kopo lilinidondoka. Simu ilisema mama, na sikio langu likajua palepale kwamba si yeye. Moyo ukaliambia sikio linyamaze. Nikajidanganya kwamba mateso yamemfundisha, kwamba msituni mtu anakumbuka aliyemzaa. Kila aliposema nilitaka aseme tena, na kila nilipotaka aseme tena nilituma. Wewe ukaandika kwamba ni neno rahisi. Hukukosea, ulikuwa hujui tu, nami nilikutukana kwa sababu ulinigusa pale penyewe. Nilisema unataka kiwanja. Aibu imenishika tangu siku ile, nisamehe mwanangu.

Alipiga Jumatano. Nilimwachia asalimie yote. Kisha nikamwambia, "Kambale, mbele ya kuuzisha nyumba, niambie kitu moya. Wakati ulikuwa huku nyumbani, ulikuwa unaniita nani?"

"Aa, mama, ile swali gani? Nilikuwa nakuita mama."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama. Nitakuita jina gani ingine?"

Nikafunga mdomo kama ulivyoniambia. Hiyo ndiyo kazi ngumu niliyoifanya mwaka huu, Wivine, kupita kupakua magunia. Nilikuwa nataka kumsaidia. Ulimi ulikuwa tayari kumwambia, sema uliniita yaya, sema ulisahau. Nikauma kanga yangu. Naye huko anaita, "Mama? Allô, mama? Mama, uko?" Nilimwacha aite. Nilijua kwamba akimaliza hakuna mwingine atakayeniita mama kwa jina la Kambale.

Mwishoni nikamuuliza, "We iko na mama yako?" Nilisikia anapumua. Nikamwambia, "Basi mupigie ye," nikakata mwenyewe. Sikupiga kelele, sikumlaani. Nililaza kichwa juu ya maharagi nikamlilia Kambale kama siku ileile tulipoletewa habari ya lori, na mama Nicole akapita upande wangu bila maji safari hii, akakaa tu.

Alijaribu tena kesho yake, ana uso mkavu. Nicole akaninyang'anya simu akampa mwanawe. "Niko Kambale," akasema yule kijana na mdomo umejaa chikwangue ya muhogo, "na we, uko Kambale gani?" Tangu hapo hajarudi. Nilikwenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu, wakanisikiliza kwa heshima, namba wameifunga, ila nilichotuma hakitarudi. Ni maharagi ya msimu mmoja. Mungu anajua, nitakula kidogo.

Jumapili baada ya misa Georgette alisimama mbele ya akina mama wa parokia akaeleza yake. Nikasimama na mimi, niliyaeleza yangu nusu, hiyo nusu nyingine ni ya kwako. Usingeamini mikono iliyonyanyuliwa. Akina mama tumekubaliana hivi: mtu akipiga na kusema niko Kambale, au Kasereka, au yeyote, hatumjazii. Tunasema "mm" tu, tunangoja. Aseme mwenyewe yeye ni wa nani, alizaliwa wapi, alichapwa kwa kosa gani. Na kabla ya kutuma kitu, tunamwambia mwenzetu wa jirani, hasa kama tumeambiwa iwe siri. Papa Gédéon nimemwambia kiwanja hakiuzwi. Alipumua vizuri kuliko mimi.

Bado moja. Nimekwenda kwa padri. Misa ya Kambale itakuwa Jumamosi, siku inayofuata Kupalizwa Bikira Maria. Padri aliuliza nani ameomba misa, ili atangaze. Nikamwambia aandike, mama yake.

Njoo na samaki wa moshi wa Yanonge, ndizi ninazo, tutaponda lituma ya watu wote. Chumba cha nyuma ni cheupe, utalala humo, alama za penseli ziko bado. Na ukifika usipige hodi, niite. Nimelisikia lile neno mwezi mzima kutoka kwa mwizi. Nataka kulisikia kwa mwenye nalo.

Mama yako,
Félicité

*

Yanonge, tarehe 8 Agosti 2025

Mama,

Lionel amerudi jana. Alhamisi napanda boti ya papa Osée, samaki wako tayari kwenye kapu.

Nitaanza kukuita kuanzia langoni, kwa sauti, majirani wote wasikie. Sitangoja ugeuke.

Wivine